Kanga, Kalamu na Simu: Ulimi wa Wanawake wa Visiwani Ulikotoka



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunasikia mengi. Watu wakija kupima huwa wanazungumza, na maneno ya kina mama kila msimu ni yale yale: vijana wa siku hizi hawana haya, simu imewaharibu, zamani watu walikuwa na staha zao. Mabibi harusi wetu nao hunyamaza kwa adabu, lakini usoni unaona kuwa hawakukubali.

Mama zetu tunawaheshimu, na wana la kusema. Lakini tukiifungua historia yetu tutaona kuwa hiyo zamani nayo ilikuwa na kelele zake. Wanawake wa visiwa hivi wamerushiana maneno kwa karne nzima na zaidi: kwa barua, kwa kanga, kwa nyimbo za taarab. Ulimi ni ule ule. Kilichobadilika ni vile vitu vilivyokuwa vikiuzuia.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mtu haujui uchungu wa anachomfanyia mwenziwe mpaka kimrudie mwenyewe. Swali letu la leo ni hilo: kijana anajifunza wapi kuusikia uchungu wa mkuki kabla hajaurusha? Tuitazame historia, kisha tuone ina nini cha kumwambia bi harusi wa leo.

Kalamu ya Salme

Tuanze na msichana wa hapa hapa Unguja. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, binti wa Sultani Said bin Sultan. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, anasimulia kuwa wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma Kur-ani lakini hawakufundishwa kuandika. Mwanamke mwenye kalamu alitiliwa shaka. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua Msahafu, akachukua mfupa wa bega la ngamia, na juu ya mfupa ule akawa ananakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea.

Baba yake alifariki mwaka 1856 na Majid, kaka yake, akakalia kiti cha Unguja. Majid hakuwa mgeni kwa Salme. Utotoni alikaa nyumbani kwake, na Majid ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Lakini mwaka 1859 kaka mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda sana Khole, basi akavutwa naye. Wenye njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua kwa siri, na katika wanawake wa nyumba ile aliyejua kuandika alikuwa yeye. Hakuwa ametimiza hata miaka kumi na sita. Akawa karani wa njama dhidi ya ndugu aliyemlea.

Uasi ule ulishindwa. Watu walikufa katika shamba la Marseilles walikojificha wafuasi wa Barghash, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme akabaki Unguja, jamaa wamegawanyika na wengi wamempa mgongo. Mwaka 1866 aliondoka kwenda Ulaya, na mengine ya maisha yake tunamwachia Mola wake. Liko jambo moja tu tunaloliongeza. Aliporudi kuitazama Unguja mwaka 1885, Sultani alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua. Mambo mengi yalikuwa yameshaingia kati, na Barghash hakumpokea.

Hapa tuna mafunzo mawili. La kwanza, kumkataza msichana chombo hakumzuii kukipata. Salme alikipata kwenye mfupa wa ngamia, na wa leo atakipata kwenye simu ya rafiki yake. La pili ni zito zaidi. Wakubwa waliogopa kalamu, lakini walipoihitaji hawakusita kuitumia kalamu ya mtoto. Anayekuomba umwandikie, umrushie, umsambazie, si lazima akusimamie siku mambo yatakapoharibika. Na barua humfika mtu asiyekuwa mbele yako. Majid hakuwako chumbani Salme alipokuwa akiandika, na uso usiouona ni rahisi kuusahau.

Kanga na adabu yake

Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ndipo kanga ilipoingia katika pwani yetu. Inasimuliwa kuwa wanawake walinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, zikiwa bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu na kuziunganisha kwa sindano. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza kitambaa kizima chenye pindo pande zote na mji katikati. Vile vitone vya mwanzo viliwakumbusha watu ndege kanga, na jina likabaki.

Tusisahau kilichovaliwa kabla yake. Mwanamke mtumwa alivaa merikani au kaniki, kitambaa kiwi kisicho na urembo. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa walivua kaniki na kuvaa kanga. Kwao lilikuwa tamko. Mwili uliokuwa mali ya mtu sasa ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alichagua rangi.

Kisha yakaja maneno. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililofunguliwa mwaka 1887 ndilo linalotajwa kwa kueneza kanga zenye misemo, na alama yake ya Mali ya Abdulla bado tunaiona kwenye doti tunazoletewa kupinda. Mwanzo maandishi yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kizungu. Maneno yale tunayaita jina la kanga, na kwa jina hilo wanawake walisemeshana bila kufungua midomo. Kanga ilisema nakupenda, ilisema nisamehe, ilimshukuru mama. Na kweli, ilimchoma mke mwenza, ikamsuta jirani, ikamjibu wifi.

Kwa hiyo asikwambie mtu kuwa vijembe vimeletwa na simu. Lakini tukiitazama kanga kwa jicho la fundi, tunaona ilikuwa na mambo matatu yaliyoutia adabu ulimi.

La kwanza, msemaji alionekana. Kanga yenye maneno makali ilikuwa mwilini mwako wewe. Ulipita nayo kisimani, ukakaa nayo kwenye msiba, na yule uliyemkusudia alikuwa hapo hapo anakutazama. Jioni pengine mlikula sinia moja.

La pili, msemwa hakutajwa. Jina la kanga halikuwa na jina la mtu wala picha yake. Ukiulizwa unasema, mimi nimependa rangi tu. Wengine huuona huo kuwa uwongo wa kike, lakini uliacha mlango wazi. Aliyechomwa aliweza kujifanya hakuelewa, na siku mkipatana hapakuwa na ushahidi wa kuondoa.

La tatu, hasira ilingoja. Kanga zilichapishwa mbali, Uingereza, Uholanzi, India, zikaja kwa meli. Mwanamke hakujiandikia mwenyewe. Alikwenda dukani, akatafuta jina linalosema lililo moyoni mwake, akatoa pesa yake, akapinda, ndipo akavaa. Wangapi walitoka nyumbani na hasira wakarudi na kanga ya maua, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na pesa ilikuwa kidogo!

Mambo hayo matatu hayakuwafanya wanawake wa zamani kuwa malaika. Yaliwapa nafasi tu ya kumuwaza yule wa upande wa pili.

Sauti ya Siti

Kutoka kwenye kanga twende kwenye santuri, kwa sababu santuri ndiyo ya kwanza kuichukua sauti ya mwanamke wetu na kuipeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, mtoto wa wazazi watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kwa miguu akiviita kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyomtoa. Alikuja mjini, akajifunza taarab, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Santuri zake zikasikika pwani yote.

Umaarufu wake uliwachoma watu. Ukatungwa wimbo wa kumkejeli: alikuwa mtu lini huyu, si ametoka shamba juzi na kaniki zake? Dada zetu mnaelewa sasa kaniki ilimaanisha nini. Wimbo ule ulimkumbusha utumwa wa wazazi wake mbele ya watu. Leo tungesema ametukanwa mtandaoni na kila mtu ameona.

Siti alijibu kwa wimbo, na kwenye jibu lake hakumrudishia mtu tusi la sura wala la ukoo. Alisema, kwa maana, kuwa uzuri wa sura si hoja, hoja ya mtu ni akili yake. Waliomtukana wamesahaulika, na jibu lake wazee wetu wanalijua mpaka leo.

Kuna wimbo wake mwingine, maarufu kwa jina la Kijiti. Unahusu mauaji ya kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam aliuawa na mwanamume aitwaye Kijiti, ambaye alivuka bahari akakimbilia bara. Habari kama hiyo leo ingekuja kwetu kwa picha ya maiti na maneno ya kuuliza huyo mwanamke alikuwa anafanya nini nje usiku. Siti na wenzake walimwimba yule mgeni kama binti wa watu aliyedhulumiwa, na wanawake waliosikiliza wakamwonea uchungu mtu ambaye hawakupata kumwona. Chombo kilichoweza kukejeli kiliweza pia kuhurumia. Mwenye sauti ndiye aliyechagua.

Kabla ya vyote, Madina

Sasa turudi nyuma zaidi, kabla ya santuri, kanga na kalamu ya Salme, mpaka Madina ya Mtume (s.a.w.), ambako habari ilienea kwa ulimi peke yake. Tunakwenda huko kwa sababu ndiko tulikoelezwa wazi kinachomzuia muumini asirushe mkuki.

Ni kisa cha Ifk, uzushi dhidi ya mama yetu Aisha (r.a.). Wanahistoria wengine wanautaja mwaka wa 5 Hijria na wengine wa 6, baada ya safari ya Banu Mustaliq. Aisha alikuwa msichana mdogo. Alikwenda kutafuta mkufu wake uliopotea, msafara ukaondoka wakidhani yumo katika machela juu ya ngamia. Safwan bin Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta, akampandisha ngamia wake na kumwongoza mpaka kwa wenzao. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akalifanya hilo kuwa habari, na kwa muda wa mwezi mji mzima ukawa unaisema.

Tuwatazame watu wa kisa hiki mmoja mmoja, kwa sababu wote bado tunao kwenye makundi yetu ya WhatsApp.

Yuko Hamna bint Jahsh. Dada yake Zaynab alikuwa mke wa Mtume, na ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha kwa hadhi. Hamna aliusambaza uzushi akidhani anampigania dada yake. Lakini Zaynab mwenyewe, ambaye angefaidika Aisha akianguka, alipoulizwa alisema analinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui juu ya Aisha ila kheri. Mashoga wangapi wanatupigania vita ambavyo sisi wenyewe hatukuvitaka!

Yuko Barira, mtumishi aliyemjua Aisha kwa karibu. Alipoulizwa kama ameona lolote la kutia shaka, alisema aibu pekee aliyoiona ni kuwa ni msichana mdogo, hupitiwa na usingizi akiwa na unga aliokanda, kondoo akaja akaula. Anayekujua jikoni kwako hukuona kama mtu, mwenye usingizi na makosa yake madogo. Aliye mbali hukuona kama habari.

Yuko mwanamke mmoja wa Kiansari, ambaye hadithi haikumtaja jina. Aisha alilia mpaka akadhani ini lake litapasuka. Mwanamke yule akaomba ruhusa ya kuingia, akakaa, akalia pamoja naye. Hakuuliza kitu.

Na wako Abu Ayyub na mkewe. Imepokewa kuwa walipozungumza nyumbani juu ya maneno ya watu, Abu Ayyub alimuuliza mkewe: wewe Umm Ayyub, ungeweza kufanya jambo hilo? Akajibu, hapana, Wallahi. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe.

Dada zetu, hebu tukae hapo kidogo. Wale wawili hawakuwa na ushahidi. Hawakuwa na picha, hawakumhoji Safwan. Walichofanya ni kuiweka nafsi yao mahali pa Aisha, wakaulizana swali moja chumbani mwao, na uzushi ukafia pale pale.

Aya za Sura An-Nur zilipoteremka kumtakasa Aisha, ziliwauliza waumini wanaume na wanawake kwa nini waliposikia hawakuwadhania wenzao kheri. Na aya ya 15 ina jambo la kushangaza. Inasema waliipokea habari ile kwa ndimi zao. Kwa kawaida habari hupokewa kwa masikio, ikapita moyoni, ndipo ikafika ulimini. Wao waliipokea kwa ulimi moja kwa moja, haikupita moyoni. Leo tungeweza kusema tumeipokea kwa kidole gumba.

Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anapokataza kusengenya hakuishia kukataza. Anatutaka tuwaze: yuko kati yetu anayependa kula nyama ya ndugu yake aliyekufa? Tunaambiwa tuione ile nyama, tuchukie, ndipo tuache. Kumuwaza mwenzio ni sehemu ya dini yetu, na ni kitu kinachofundishwa.

Simu na bi harusi wetu

Tuyachukue sasa yale mambo matatu ya kanga tuyalinganishe na simu. Kwenye kanga msemaji alionekana; kwenye simu anaweza kujificha nyuma ya jina la maua. Kwenye kanga msemwa hakutajwa. Kwenye simu anatajwa, na uso wake unawekwa. Kwenye kanga hasira ilingoja meli na duka. Kwenye simu haingoji hata chai ipoe. Simu imeyapindua yote matatu kwa pamoja, kisha tukawakabidhi watoto wa miaka kumi na minne bila kuwafundisha kitu, halafu tunawalaumu kuwa hawana haya.

Harusi ndiyo mahali tunapoliona hili waziwazi. Kwetu bi harusi hufunguliwa katika sherehe ya wanawake watupu. Nywele zimetengenezwa, hina na piko zimekolea, mabega yako wazi, kwa sababu ukumbi mzima ni mama zake na dada zake. Ule ukumbi ni amana. Video ya sekunde kumi na tano inatosha kuivunja.

Tumeliona kwa macho yetu. Bi harusi mmoja tuliyemshonea alicheza na mashoga zake akiwa hana mtandio. Mmoja wao akaiweka kwenye stetasi, kwa mapenzi kabisa, na maneno ya kumsifu. Stetasi huondoka yenyewe baada ya saa 24, na yule msichana alidhani hiyo ndiyo salama yake. Lakini mtu aliihifadhi, akaituma kwenye kundi, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa kwenye simu za wanaume wa upande wa mume. Ndoa haikuvunjika, alhamdulillahi. Lakini gauni lile lilirudi kwetu. Bi harusi alisema hawezi kulitazama, tulipunguze apewe mdogo wake. Tulifumua mshono ambao ulituchukua usiku nne.

Yule aliyeiweka hakuwa mbaya. Alimuona rafiki yake mzuri na furaha ikamzidi. Kilichokosekana ni ile dakika moja ya Umm Ayyub: ningekuwa mimi, ningependa ifike wapi?

Hata wenye mtandao wamelazimika kurudisha mwendo wa polepole. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi yenye hasira baada ya uvumi wa wezi wa watoto kuenea kwa WhatsApp. Januari 2019 kampuni ikaweka kwa dunia nzima mpaka wa kutuma ujumbe uliosambazwa kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukabanwa kwenye mazungumzo mamoja. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria huja machozi yakishamwagika, na mpaka wa watano haukuzuii kumuaibisha mtu kwa watano wale wale wanaomjua.

Tuwe waadilifu kwa vijana pia. Vijana hao hao ndio wanaochangishana kwa simu mgonjwa akihitaji kusafirishwa. Ndio wanaorekodi darsa na kuzituma kwa mama aliyelala kitandani. Wanamhurumia mtu wa mbali wasiyemjua, kama waliosikiliza wimbo wa Kijiti. Moyo wanao. Wanachohitaji ni mtu wa kuwafundisha kuutumia kwa aliye karibu.

La kufanya

Kwetu sisi kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa somo. Msichana alipelekwa kwa somo wake akafundishwa mwili, ndoa, usafi, na akafundishwa siri: lipi linatoka chumbani na lipi halitoki. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliwafundisha wasichana wengi katika unyago, na mlango wa unyago ulikuwa unafungwa. Masomo wetu wa leo bado wanafundisha singo na mapishi. Tunawaomba waongeze simu. Wamuulize bi harusi: siri ya mumeo ikikukera, utaiandika wapi? Ukigombana na wifi, stetasi yako itasema nini?

Na wewe bi harusi, panga mapema kama unavyopanga gauni. Mchague mpiga picha mwanamke unayemwamini, na mkubaliane kwa maneno picha zitakaa kwa nani. Weka kikapu kizuri mlangoni, kipambwe kwa asumini, na shangazi mmoja mwenye haiba akae hapo apokee simu kwa tabasamu. Andika kwenye kadi, wageni waje wakijua. Atakayeona umezidisha, mwache aone.

Mama zetu, mkiona binti amekosea, msianze kwa kumvunjia simu. Salme hakuzuiwa na marufuku. Kaeni naye, mumuulize swali la Abu Ayyub kwa utulivu, kisha mumwache ajibu mwenyewe.

Na kama jambo limeshatokea, tukumbuke kisa cha Ifk kilivyoishia. Mistah, jamaa wa Abu Bakr (r.a.) aliyekuwa akisaidiwa naye, alikuwa miongoni mwa walioeneza uzushi juu ya binti yake. Abu Bakr akaapa hatampa kitu tena. Ikateremka aya ya 22 ya Sura An-Nur, ikiwauliza kama hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe. Abu Bakr akasema anapenda, akarudisha msaada wake. Msichana aliyesambaza aombe radhi, afute, awaambie wenzake wafute. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulia kwanza. Na sisi wengine tuwe kama yule mwanamke wa Kiansari, tuingie, tukae naye, tusiulize kitu.

Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu duniani na akhera, awatunze mabibi harusi wetu, na atujaalie tuwapendelee wenzetu tunayoyapenda kwa nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.